Mkubwa wa Moto

Mpaka leo mtu akiniambia "usijali, watu wapo," damu inanichemka. Watu wapo! Siku mtaa wetu ulipoungua watu walikuwepo, tena wa kumwaga.

Nilikuwa opereta wa simu pale posta ya Bagamoyo, miaka michache baada ya uhuru. Nilikaa peke yangu mbele ya ubao wenye matundu na waya, na kila simu ya mji ilipita mikononi mwangu. Mchana mmoja wa kaskazi, watu wametoka tu kuswali adhuhuri, jiko la mtu likashika makuti upande wetu wa mji. Upepo ulikuwa unauelekeza moto nyumbani kwa bibi yangu aliyenilea. Tulikuwa tunaishi wawili tu, na miguu yake ilishakataa kazi. Kutoka kitandani bila mtu hakuweza.

Wa kwanza kuingia mbio alikuwa karani wa ofisi ya wilaya. Salamu yangu hakuiitikia. "Niunganishe na kambi ya barabara Kerege, walete boza la maji!" Nikamuuliza, bibi yangu je? "Katolewa, katolewa, watu wengi kule," akasema, macho yakiwa kwenye simu. Nikamshukuru Mungu, nikamuunganisha. Akaagiza boza lije sokoni, akatoka.

Hajafika mbali, akaingia balozi wa nyumba kumi. Huyo, hata mji ukiungua, shikamoo yake lazima aipate kamili. Akasema moto umeanza katika nyumba zake, kwa hiyo mwenye kuagiza ni yeye, na boza lije msikitini. Nikamwambia karani ameshaagiza sokoni. "Karani mtu wa kuja, mitaa yetu ataijulia wapi?" Naye akapiga simu yake, akatoka.

Wote wawili niliwasihi wanitumie mtu wa kunieleza moto umefika wapi. Hakurudi hata mmoja. Kila mtu alitaka aonekane kule. Kwetu asiyeonekana msibani husemwa mwaka mzima, na moto nao wakaufanya msiba wa kwenda kuhani.

Simu ikalia. Alikuwa nyapara wa kambi ya Kerege, amefura. "Wewe binti, mmoja kasema sokoni, mwingine msikitini. Sasa hivi umeniunganisha na wilayani, wanasema gari lisitoke mpaka mkubwa wao arudi safari. Nimsikilize nani? Mkubwa wa moto huu ni nani?"

Nilitamani kulia kwa hasira. Mji mzima uko pale na mkubwa hakuna! Nikasema, "Mimi."

Nyapara akasema, "Haya, mkubwa. Nipite wapi?"

Nami nilikuwa sijui. Nikamwambia asikate, nikatoa kichwa dirishani. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa anapita mbio na ndoo tupu. Nikamwita. Akaniambia uchochoro wa msikitini umejaa vitanda na makabati ya watu waliookoa vyombo vyao. Punda hapiti, sembuse boza. Njia ya sokoni iko wazi, ila gari lisisimame pale, lizunguke mpaka nyuma ya makaburi.

Akataka kuondoka, kisha akageuka. "Na bibi yako? Tumesimama mlangoni wanaume tupu, chumba cha mwanamke, tunaulizana tuingie au katolewa."

"Katolewa," nikasema. "Nimeshaambiwa. Nenda na maji, fundi, nenda!"

Nyapara nikampa njia. Boza likaja kama nilivyosema, na moto ukazimwa ukiwa umebakisha nyumba moja kufika kwetu. Nikajiona mtu. Wengine walishaanza kunisema kwamba sikuonekana, nami sikujali.

Bibi walimkuta kitandani, chumba kimejaa moshi, anakohoa hata pumzi haipatikani. Hakuna aliyekuwa amemtoa. Alikuwa amewasikia watu mlangoni wakiulizana, akapaza sauti, "Bado nimo!" Lakini nani angemsikia, kila mtu nje anaamrisha. Kisha akasikia mmoja akiwaambia wenzake kwamba ametolewa, ni habari ya hakika, na miguu ikaondoka mlangoni.

Kifua chake hakikupona tena. Fundi hakumwambia mtu habari ile aliipata kwa nani. Siku niliyopita kwake alinitazama mara moja tu, akainamia cherehani yake.

Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila mgeni aliyekuja kumtazama alisimuliwa yote, kikohozi kikimkatiza. Akifika mwisho, aliinua mikono. "Mwenyezi Mungu amlipe aliyesema nimetolewa."

Wageni waliitikia amina. Nami, nikiwa nimekaa mkekani namkanda miguu, niliitikia pamoja nao.