Vifundo vya Paini

Enzi zetu kule Elburgon, nyumba ya mtu wa maana ilijulikana kwa ukuta wa plasta uliopakwa rangi ya krimu. Kwetu sebule nzima, toka sakafuni hadi darini, ilikuwa mbao za paini zenye vifundo, yale macho meusi yanayobaki tawi lilipoota. Nanyi mliokulia karibu na viwanda vya mbao mnajua maana yake. Wanunuzi walitaka mbao safi. Zenye vifundo ziliwekwa kando, wafanyakazi wakaruhusiwa kuzichukua. Baba alikuwa mpasuaji mbao. Alizibeba begani mbilimbili, akazipiga randa, msasa na vanishi mpaka zikang'aa kama mkate uliopakwa siagi.

Dada yangu Nyambura na mimi tulilala chali tukivipa vifundo majina. Kimoja kilifanana na bundi, kingine na mwalimu wetu wa hesabu, na hicho sikukisogelea kamwe. Jua la alasiri lilipopiga, utomvu ulichuruzika ukanasa sweta, nami nikaenda shule mgongo ukinata na kunukia kiwanda. Jumamosi mama alitutupia kitambaa chenye mafuta ya taa. "Ukuta haufutwi kwa kutazamwa," alisema. Wanangu leo nikiwaambia wafute meza tu, wananitazama kama nimewashtaki kortini.

Lakini nisijifanye mwema. Sebule ile niliionea haya. Mwenzangu wa shule akija, nilimpokea uani nikidai ndani kuna mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Nikaja Doha, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa walinzi katika jengo moja la matajiri huko The Pearl, na kichwa kikapanda nami. Likizo ya mwaka juzi niliivamia ile sebule. Niling'oa mbao zote, nikaweka jipsamu nyeupe laini ukutani na taa za bluu darini. Baba alisema tu, "Fanya unavyoona, wewe ndiye umesafiri." Nikapiga picha nikawatumia marafiki wote. Mbao Nyambura akazijengea banda la kuku.

Mwezi uliopita lori lilileta mbao za nyumba moja ya ghorofa ya tisa. Nikazikagua. Vifundo tele! Nikazuia mzigo mlangoni mwa lifti, nikampigia simu mwenye nyumba, na kwa sauti ya mtaalamu nikamwarifu kwamba ameuziwa mbao zilizokataliwa. Alishuka mbio.

"Haram alaik, aibu yako! Nimevichagua vifundo hivi kimoja kimoja! Nataka kuta kama za nyumba za Marekani za miaka ya hamsini. Khalas, basi, fungua lifti."

Otieno, mlinzi wa zamu yangu, alijishika mbavu. "Bosi, leo umechoma!"

Ijumaa, nikiwa kituo cha metro, nilimpigia Nyambura nimsimulie, tucheke pamoja. Hakucheka.

"Baba macho yalianza kumwisha hata kabla hujaja likizo," alisema. "Alitukataza tusikuambie. Alikuwa akienda chumbani kwake kwa kupapasa vifundo, kila kimoja alikijua. Sasa anapapasa hiyo jipsamu yako mpaka anapotea, ananiuliza amefika wapi. Siku hizi anataka kiti chake kipelekwe nje, kwa banda la kuku. Anakaa huko mchana kutwa, mkono ukutani."

Nililia palepale kituoni, mtu mzima, mfuko wa viazi mkononi. Nikaomba nipewe baba.

"Baba, nisamehe. Nitazirudisha zote."

"Zirudishe," akasema. "Lakini kuku utawaeleza wewe mwenyewe."

Tikiti nimeshakata. Zamani niliionea haya sebule aliyonijengea baba. Leo naionea haya ile niliyomjengea mimi.