Giza la Mama Dancille

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda: sikumpenda Mama Dancille, naye hakunipenda. Katika mji wetu mzima wa Mweso sikumjua mtu aliyempenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kitenge kinachonuka maziwa, na mdomo usiomwogopa mchungaji wala mwenye bunduki. Ukimsalimu njiani alikutazama miguu kwanza, kama anayekagua ng'ombe wa kununua, ndipo aitike. Mara nyingi hakuitika.

Alizaliwa milimani juu ya Kashuga, kwa watu wa kulima na kufuga. Usichanani alifua vitambaa kwenye kiwanda kidogo cha jibini cha shamba moja, na huku akifua, macho yake yakaiba ufundi wote. Vita vilipokula ng'ombe wa baba yake, aliteremka Mweso na sufuria mbili, akaanza kununua maziwa ya majirani. Shida ikawa moja. Jibini ikishakandamizwa inataka kulala: wiki sita gizani, mahali pa baridi na unyevu, igeuzwe kila siku na kupanguswa kwa maji ya chumvi. Nyumba zetu ni za mbao na mabati. Saa sita mchana ndani ni tanuri.

Ndipo akaiona Sinema.

Sinema ni jengo tu, lakini hatujawahi kuliita jina lingine. Lilijengwa na wenye mashamba wa zamani katikati ya centre ya mji, kuta za mawe zenye unene wa mkono mzima, bila dirisha hata moja, sakafu ikiteremka kuelekea ukuta mmoja mweupe. Baba yangu aliona picha humo alipokuwa kijana, amekaa chini, mbele kabisa, maana viti vya nyuma vilikuwa vya makarani. Baadaye mashine ikaibwa, viti vikawa kuni, na mbuzi wakarithi kilichobaki.

Dancille aliwafukuza mbuzi. Alizoa mavi yao siku tisa, akaziba paa kwa lami, akapanga rafu juu ya sakafu ile ya mteremko, kila mguu wa rafu akiukata kwa kipimo chake ili jibini isiteleze. Mlangoni, kwa ndani, akatundika pazia la magunia ya kahawa, tabaka tatu, alilolishona mwenyewe, ili hata mlango ukifunguliwa mwanga usiingie. Chifu wa wakati ule alimpa ufunguo kwa maneno tu. Miaka kumi na minane hakuna aliyemuuliza karatasi, kwa sababu hakuna aliyelitaka jengo.

Nikaja kulitaka mimi, mwalimu Sebarenzi, na Archange ndiye aliyenitia hamu hiyo. Archange ni mtoto wa Mweso aliyekulia Goma, mtu wa viatu vyenye ncha, anayeweza kutamka "patrimoine", yaani urithi, mara tatu kabla hajavuta pumzi. Alisema amepata wafadhili wa kufufua sinema za zamani. Akaunda kamati, akanifanya katibu, akaninong'oneza kwamba salle, yaani ukumbi, ikifunguliwa itahitaji directeur wa kuiongoza. Nikavimba kichwa. Niliwaambia watu kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya wanafunzi wangu na kwa kumbukumbu ya baba, na ilikuwa kweli, lakini ile ya directeur ilikuwa kweli zaidi.

Barua niliiandika mimi, kwa Kifaransa changu kizuri kabisa: ahame na vitu vyake vyote ndani ya siku saba. Nilimpelekea mwenyewe. Nilimkuta mbele ya rafu, taa imewekwa chini, anapangusa jibini kwa kitambaa. Alinifanya nimsomee yote.

"Mwalimu, wewe njo uliandika hii?"

"Comité njo ilikata, Mama."

"Comité iko na mikono? Iliandika na mikono ya nani?"

Nikaikunja barua.

"Sikiliza. Hapa kuko fromage makumi nane na ine. Zingine ziko na wiki mbili tu. Munipe wiki sita zikomae, kisha nitatoka. Sitawaomba kitu ingine."

"Siku saba, Mama. Imeshaandikwa."

"Kama iliandikwa na muntu, muntu anaweza kuiandika tena."

Ningeweza. Kamati ilikuwa Archange, mimi, na wazee wawili wa kusinzia. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo mwanamke huyu alinisimamisha sokoni, watu wakisikia, akasema wanafunzi wangu hawajui hesabu kwa sababu hata mwalimu wao anazitafuta bado. Nililikumbuka neno lile pale pale, likanipa utamu mdomoni. Nikamwambia siku saba ni siku saba.

Alihama siku ya sita. Alibeba jibini kwa kitunga mgongoni, safari baada ya safari, hakuomba msaada na hakuna aliyempa. Alizipanga chini ya kitanda chake, ndani ya nyumba ya mabati. Wiki ile jua likawaka kama limetumwa. Zilivimba, zikapasuka, zikatoa mafuta yaliyochuruzika hadi mlangoni. Nilipita nikamwona anawamwagia nguruwe wa jirani, moja moja, na kila moja aliigeuza kwanza akaitazama upande wa chini, kama alivyozoea kila asubuhi. Roho iliniuma, nakiri. Nilikaza mwendo.

Salle ikabaki mikononi mwetu, na Archange akaanza kulalamika kwamba inanuka.

"Watu mia mbili bataketi humu bila aération? Hapana. Tuweke madirisha."

Yakawa madirisha manne, makubwa, mawili kila upande, ya vioo. Hakuna mwanakamati aliyepinga, na mimi ndiye niliyeandika uamuzi huo kwenye daftari. Fundi alipigana na yale mawe siku tano. Siku ya tatu Dancille alipita na bidon ya maziwa kichwani. Akasimama. Alilitazama tundu la kwanza kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Munatoboa ngapi?"

"Ine, Mama. Watu wapate hewa."

Nilijiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Muzuri. Toboeni kubwa-kubwa," akaenda zake. Nilimwambia Archange kwamba yule mama ameanza kulainika.

Sherehe ya kufungua iliwekwa saa nane mchana, kwa sababu siku zile jioni ikifika saa kumi na mbili hakuna aliyeruhusiwa barabarani, na hata kama angeruhusiwa asingethubutu. Watu walijaa hadi mlangoni. Wengine walitoka Kashuga kwa miguu. Archange alihutubu, mimi nikahutubu, halafu akawasha groupe ya umeme, akawasha projecteur mpya iliyoletwa kutoka Goma.

Tukangoja. Sauti ilitoka vizuri: watu wakizungumza, mlango ukibamizwa, mwanamke akilia. Ukutani hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na mlango. Mwanga wa jua ulikuwa umeingia kwa madirisha yote manne na kuketi mbele kabisa, pale alipokuwa akikaa baba yangu, na ukuta mzima ulikuwa mweupe kama siku ulipopakwa chokaa.

"Kumbe ni radio!" mama mmoja akapaza sauti.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Archange alinikamata mkono, jasho likimtiririka.

"Yule mama alikuwa na pazia ya magunia. Kimbia uilete, tuzibe hata madirisha ya mbele!"

Nikakimbia, mwalimu mzima wa miaka hamsini, na viatu vya sherehe.

Dancille alikuwa nyuma ya nyumba yake, anamenya viazi. Pazia lilikuwa limekunjwa vizuri mara nne, na yeye alikuwa ameketi juu yake. Alinitazama miguu kwanza.

"Mama, tunaomba ile pazia. Saa mbili tu, tunarudisha."

"Unaomba?"

"Naomba, Mama."

"Mimi niliomba wiki sita."

Kicheko cha watu kilisikika hadi pale tulipokuwa.

"Ulijua," nikasema. "Siku ile ya fundi ulijua, na haukutuambia."

Aliweka kisu chini.

"Miaka kumi na munane niko mule ndani. Hakuna siku hata moja muntu alikuja kuniuliza ile nyumba inafanyaka kazi namna gani. Wewe ulikuja na barua. Uliandika nitoe vitu yangu yote. Nilitoa fromage. Nilitoa mbao. Na ile giza, Mwalimu, nayo ilikuwa yangu."

Akachukua kiazi kingine, akaanza kukimenya, na hakuinuka juu ya pazia.