Fungu la Ndege

Leo tulipaka nta sakafu ya bweni, na harufu yake ikanirudisha kwenye kijito nyuma ya mtaa wetu wa Isevya, nimeshika pindo la koti la jeshi la mjomba.

Ndege wa asali, yule anayewaonyesha watu nyuki walipo, alitutangulia mti hadi mti, akilia kama mtu anayetikisa kiberiti. Kwetu ndege huyo huachiwa sega lake. Usipomwachia, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka. Na mara iliyopita mjomba alimaliza lote, hata vidole akalamba. Nilimwona.

"Mjomba, turudi."

"Unaogopa ndege, wewe! Ukiolewa utafukuza kuku kwa bunduki?"

Ndege akanyamaza juu ya mti wenye tundu. Mjomba alifukiza moshi, akaingiza mkono mpaka kwapani, halafu akatulia ghafla, kama aliyegusa kitu baridi. Nilimtazama usoni tu.

Akautoa mkono polepole, unachuruzika asali. Hakulamba. Sega la kwanza, tena kubwa, aliliweka juu ya jani, akalilaza chini ya mti.

"Kula, bwana," alimwambia ndege. "Yale ya mara ile yamekwisha."