Mama Aliyetuwekea Michezo ya Runinga

Habari ya kifo chake nilipewa na binti yake, hapa Ruiru, mbele ya duka la dawa. Alinisalimu kwa upole, akaniuliza hali ya nyumbani Kahawa Sukari, kisha akasema, "Mzee, mama alituacha juzi." Marehemu alikuwa ameshazikwa Thika katika makaburi ya Waislamu, kwa maana wao hawachelewi kuzika, na sisi tuliomfahamu kwa miaka mingi tukawa tumebaki na pole zetu mkononi. Nilimuuliza binti kama watu walikuwa wengi mazishini. Akatazama kando akasema walitosha kubeba jeneza.

Wasomaji wangu wa Thika watamkumbuka mama huyu kwa duka lake la kukodisha kanda za video, mtaa wa nyuma ya soko. Baba yake alikuwa Mnubi, mama yake Mkikuyu wa Gatundu, na Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu cha bara, kisichojisumbua sana na sarufi. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mtu akinunua deki ya video alijiona amefika. Aliiweka kwenye kabati la kioo, akaifunika kitambaa cha kufuma, kisha akaenda kwa mama huyu kutafuta cha kutazama. Alikuwa hakupi kanda kabla hajakuhoji. Nani anakaa nyumbani? Watoto wana umri gani? Mzee wa nyumba anapenda kucheka, ama anapenda kukaa kimya? Nilipokwenda mara ya kwanza nikitaka filamu za vita, aliniambia nyumba si sinema, na haihitaji kanda nyingi. Akanichagulia filamu moja ambayo ningeitazama na wanangu bila yeyote kuinuka kwa aibu, na mfululizo mmoja mrefu wa kumaliza polepole msimu wa mvua. Halafu akaniongezea filamu ya zamani isiyo na rangi, ili watoto wajue kwamba dunia haikuanza na wao. Nilimtii, na hadi leo wanangu huzitaja hizo kuliko nyingine zozote walizowahi kuona.

Lakini kazi aliyoipenda zaidi haikuwa ya kukodisha. Rafu ya chini kabisa dukani mwake ilijaa kanda alizorekodi mwenyewe nyumbani kutoka kwenye runinga: michezo ya kuigiza ya wenyeji, vichekesho vya jioni, mfululizo wa familia ya wakulima uliowahi kutufanya sote tuwahi nyumbani. Alirekodi kwa miaka. Wateja hawakuzitaka. Walitaka karate, walitaka za Kihindi, walitaka za Marekani zenye magari yanayoteketea. Aliwapa walichotaka, na rafu ya chini akaipangusa vumbi.

Siku moja nilikuwa pale akaingia ajuza mmoja kutoka Gatuanyaga, viatu vyake vikiwa na udongo wa shamba. Alieleza kwa shida kwamba mwanawe alikuwa akiigiza kwenye vile vichekesho vya jioni, na kwamba alifariki kwa homa ya mapafu. Nyumbani hawakuwa na runinga, kwa hiyo hajawahi kumwona akiigiza hata mara moja. Majirani walimwambia kuna mama hapa mjini anayeweka hivyo vitu. Mwenye duka aliinuka. Aliwaomba waliokuwa wakichagua kanda wasubiri, akamketisha bibi huyo, cucu kama tunavyosema huku, kwenye kiti chake mwenyewe, akainama kwenye rafu ya chini, na baada ya muda kijana akatokea kwenye kioo cha runinga, amevaa kofia iliyopinda, akimkimbia mwenye nyumba. Sisi wengine tulicheka, kwa sababu kwa kweli alichekesha. Yule ajuza hakucheka. Alisogeza kiti karibu.

"Hiyo kofia ni ya baba yake," alisema. "Tuliitafuta sana." Halafu, kana kwamba kijana anamsikia, "Mwana wakwa, mwanangu, mbona umekonda hivi?"

Tangu hapo alikuwa akija kila mwisho wa mwaka, baada ya mavuno, na ndizi kwenye kikapu. Mwenye duka alimwekea mwanawe, naye akamtazama mpaka mwisho, akashukuru na kwenda zake. Nimewahi kuhudhuria ibada nyingi za ukumbusho zenye viti vya kukodi na vipaza sauti. Sijaona iliyoshinda hiyo.

Kisha mama wa kanda akapatwa na kiharusi. Alilazwa muda mrefu, na ndugu yake mdogo akashika duka. Huyu hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa kuwa najua mtataka kumchukia. Aliamka mapema, akahudumia watu kwa adabu, na alitaka dada yake apone alikute duka likiwa hai. Wateja walikuwa wakiulizia mechi za kandanda na mieleka, kanda tupu zilikuwa ghali, na kule chini kulikuwa na rafu nzima ambayo hajaona mtu akiigusa. Akarekodi mechi juu ya kanda hizo, na yaliyokuwamo yakafutika. Alipomaliza moja akachukua nyingine. Dada alipotoka hospitali, mguu mmoja ukiburuta, ndugu yake alimwonyesha kwa fahari kazi aliyofanya, bila kujua alichoharibu.

Mama wa kanda aliniambia baadaye kwamba hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini, naye akamjibu, "Dada, hizo zilikuwa zinakaa bure. Hakuna mtu alikuwa anaulizia." Na hiyo, akasema, ilikuwa kweli. Alijikokota hadi Nairobi, kwenye kituo kilichotangaza michezo ile, akidhani huko hakukosekani nakala. Karani mmoja mwenye huruma alimpa kiti na chai, akamweleza kwamba huko pia kanda hurekodiwa upya, kwa kuwa mpya haziletwi.

Mwisho wa mwaka ulipofika, cucu wa Gatuanyaga akaja na kikapu chake. Nilikuwepo. Mwenye duka alimshika mkono akamweleza yote, taratibu, bila kumlaumu ndugu yake. Bibi kizee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ile kanda yenyewe bado ipo. Ipo. Basi akaomba iwekwe, pengine mwanawe amebaki mahali. Tukaketi watu watatu wazima tukatazama wageni wakifukuzana na mpira katika nchi ya mbali. Kila mchezaji aliposogezwa karibu na kamera, yule ajuza aliinua kichwa. Mechi ikaisha, zikafuata chenga nyeupe za kanda isiyo na picha, na bado hakutaka izimwe. Chenga zilipokatika na deki kusimama yenyewe, alifunga leso yake akasimama.

"Nilikuwa nimeshamzika," alisema. "Sikujua mtu anaweza kufa tena."

Aliziacha ndizi, na hakurudi tena. Mama wa kanda naye hakuwa yule yule. Mara ya mwisho nilipoingia dukani kutafuta kitu cha kutazama na wanangu likizoni, sikuhojiwa. Aliniambia nichukue yoyote. Mwaka uliofuata alifunga duka akahamia kwa binti yake huku Ruiru, na binti anasema runinga ikiwashwa, alikuwa akigeuza kiti kuelekea dirishani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nimekuwa nikiligeuza neno hilo kichwani tangu juzi, na sioni ni kwa nani lilitimia. Waigizaji wale walicheza kwao, wakasahaulika kabla sauti zao hazijapoa. Watoto wa mtaa wangu wanajua barabara za miji ya ng'ambo ambayo hawatafika, na hawawezi kutaja mtu mmoja aliyewachekesha baba zao. Wala sidhani kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivi. Ingekuwa afadhali, kwa sababu tungekuwa na wa kumlaumu. Hapa kila mmoja alifanya lililomfaa siku hiyo, na hayo yote yakijumlishwa ndiyo yaliyotufuta.

Kama kuna la kujifunza, ni hili, na halinifariji. Tulidhani kumbukumbu yetu iko salama kwa kuwa tulisikia kuna mama mmoja Thika anayeiweka. Kitu cha watu wote kikiachiwa mtu mmoja, hicho kimeshaanza kupotea. Kinangoja tu siku atakayougua.