Siku Bi Margaret Alipouona Tena Ubao Wake

Niliondoka Saint Louis Park, Minnesota, siku ile ya Februari kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwa ametamka neno kwa miezi miwili. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanga, na baada ya masomo nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Bi Margaret, niliyemlisha kwa kijiko, alikuwa amenyamaza tangu apatwe na kiharusi. Ndipo kaka yake, Mzee Walter, akapiga simu kutoka Maple Grove, mji wa karibu. Alikuwa anauza nyumba, na gerejini mwake mlikuwa na ubao ambao dada yake alitelezea juu ya mawimbi ujanani.

"Mleteni auone kabla haujachukuliwa," aliomba.

Saa saba mchana, Njoroge, Mkenya tuliyefanya naye kazi, alikifunga kiti cha magurudumu ndani ya gari. "Dada Rehema, barabara iko na ice," aliniambia. "Nita-drive pole pole."

Tulipopita Plymouth, hata maziwa ya kando ya barabara yalikuwa yameganda kuwa barafu, na watu wakitembea juu yake. Nikajiuliza mwenye ubao wa baharini alifikaje huku. Bi Margaret alitazama magoti yake tu.

Maple Grove tulimkuta Mzee Walter mlangoni, bila koti. Alimbusu dada yake kwenye paji la uso, kisha akatupeleka gerejini. Ubao ulikuwa wa mti mtupu, mrefu kunipita mbali. Mimi na Njoroge tulishika ncha moja, tukauinua kwa taabu.

"Haki, huu ni mlango wa kanisa!" Njoroge alisema.

"Alikuwa akiubeba kichwani peke yake," Mzee Walter alijibu.

Akatundika shuka ukutani, akawasha projekta. Filamu haikuwa na sauti. Aliipiga mwenyewe California, akawa anaionyesha katika kumbi za shule huku akisimulia kwa mdomo. Sasa alisimama kando ya shuka, akasimulia tena kama kijana. Wimbi lilipanda kama ghorofa, na juu yake msichana akatembea taratibu hadi ncha ya ubao, mikono imelegea. Nimezaliwa pwani, lakini sikuwahi kuona mtu akiikanyaga bahari namna ile.

"Na wimbi hilo," Mzee Walter alitangaza, "Margaret alilipanda mpaka mchangani!"

"Hapana."

Sauti ilikwaruza kutoka kwenye kiti. Sote tuligeuka.

"Nilianguka, Walter. Ulikata filamu."

"Nilikata," Mzee Walter alikiri. "Sikutaka watu wakuone umeshindwa."

"Nilirudi majini." Bi Margaret aliinua vidole vitatu. "Mara tatu."

Tulimsogeza karibu. Akaulaza mkono wake usiopooza juu ya mti ule, akafumba macho.

Jioni, njiani kurudi, alizungumza kidogo kidogo: baridi ya maji, uzito wa ubao, mume aliyemfanya ahamie Minnesota. Njoroge alizima redio ili asikie.

Nilikuwa nikijua dawa zake zote na saa yake ya kulala, nikadhani namjua. Kesho yake niliingia chumba cha jirani kumvua soksi mzee mmoja. Kabla ya kuinama, nilivuta kiti nikamwuliza, "Baba, kabla ya kuja hapa, ulikuwa ukifanya nini?"