Kijana Tuliyedhani Anarudi Nyumbani

Kitabu kilitoka kwenye belo la nguo za watoto. Miaka ile ya soko huria mama alikuwa ameacha kulima ulezi, akawa anatandika turubai la mitumba sokoni Sumbawanga, na kila belo likikatwa kamba mimi nilikuwa roho juu, maana ukikuta matambara matupu umeliwa. Safari hiyo, katikati ya fulana, tulikuta kitabu kinene cha katuni za Kijapani kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mama alikitupa pembeni. Kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikiokota, tukakisoma wote wawili nyuma ya rundo la masweta.

Kusema tulikisoma ni kujisifu. Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu tu, cha kaka kilizidi kidogo, hivyo tulifuata picha. Tulianzia kushoto, kama kitabu kingine chochote. Kijana mwenye nywele zilizosimama alikuwa juu ya mnara, amezungukwa na majoka yenye mabawa, damu inamtoka puani. Kila tulipofunua, majeraha yalipungua. Alishuka milima, akavuka mto juu ya mgongo wa samaki, akapita msitu wa miti inayotembea, na mwisho akawa jikoni kwa mama yake, anakula. Kwa nini rafiki zake walimpotea njiani mmoja mmoja hatukujua, wala hatukujali.

Vijana wa sokoni walikigombea mpaka kingo zake zikawa nyeusi kwa vidole. Wao walivutwa na majoka na upanga. Mimi nilipenda jikoni. Kaka alikuwa ameanza kuzungumzia Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, na meli za mizigo zinazokwenda Kongo, nami niliogopa sana, ila nilijituliza kwamba hata mtu wa majoka mwishowe anarudi kula.

Jioni moja kaka alinijia na kamusi ya shule. Alikuwa ametafsiri ukurasa wa kwanza, ule tuliouruka siku zote kwa kuwa haukuwa na picha.

"Mdogo wangu, tumesoma kinyume," alisema. "Wajapani wanaanzia huku nyuma. Hapa wanatuonya kabisa."

Akakigeuza, akaanzia jikoni. Kijana alikula, akainuka, mama yake akabaki mlangoni na mwiko mkononi. Kumbe alikuwa anaondoka. Wale rafiki waliokuwa wakipotea sasa walijitokeza, mmoja baada ya mwingine, na kaka alicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Umeona? Huku ndiko kutamu."

Tangu hapo, hata akienda bombani kuchota maji, nilimfuata kwa macho mpaka arudi.

Haikusaidia kitu. Jumatatu moja hakufika shuleni. Alikuwa amepanda lori la mahindi kwenda Matai, njia ya Kasanga. Baadaye dereva mmoja alituambia amemwona bandarini Kasanga, anabeba mifuko ya saruji.

Mama hakuwahi kukifungua kile kitabu. Siku ile alikitaka. Nilimwonyesha wanakoanzia Wajapani, naye akaitazama picha ya mlangoni kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Huyu mama anaonekana tena huko mbele?"

Nilitamani kusema ndiyo.

"Haonekani, mama."

Ilikuwa siku ya soko na wateja walikuwa wamejaa. Mama alianza kukunja turubai, mteja mmoja akiwa bado ameshika sketi, akaniambia nikalale kwa shangazi. Siku zile nilishindwa hata kula. Niliona nimewapoteza wote wawili.

Mama alirudi peke yake, na fungu la samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa, nguo zote vumbi la barabara.

"Amekataa kurudi," alisema akivua viatu. "Nimeazima sufuria, nikapika palepale bandarini. Amekula nikimwona."