Magari Mawili ya Pampu

Muuza toi za mitumba pale sokoni Ruiru alikuwa akicheza peke yake, na Mwanaharusi, aliyekaanga mandazi ng'ambo ya njia, alikuwa amemzoea hivyo. Kila asubuhi alilaza ubao mrefu juu ya makreti, akachomeka magari mawili kwenye pampu zake, jekundu na la buluu, kisha akazibonyeza kwa viganja vyake vipana, kila mkono na pampu yake, mpaka hewa ikayarusha. La mkono wa kulia ndilo lililoshinda kila mara. "Pole, bwana," alimwambia mshindwa kwa sauti ya chini, akayarudisha.

Jumamosi moja ya mvua, mama mmoja kutoka Gatongora alitaka kuyanunua. Muuzaji alikuwa ameshayafunga kwenye gazeti alipomuuliza, "Uko na watoto wangapi?"

"Ni mmoja tu."

Akalifungua gazeti. "Basi chukua mpira, mama. Hii inataka watu wawili. Akiwa peke yake itamchosha."

Mama alipoondoka na mpira wake, Mwanaharusi aliepua karai, akavuka njia, akashika pampu ya buluu. "Haya, tushindane."

"Ngoja kwanza," alisema yule mtu. "Mimi sijawahi kucheza na mtu."

Mwanaharusi hakungoja. Alibonyeza mpaka gari lake likamaliza ubao na kuangukia topeni, na lile jekundu lilikuwa bado pale pale, kwa sababu mwenyewe alikuwa akimtazama yeye.